Somo: Kuanza Kinanda Ukubwani, Mkono Mmoja Kwanza

Nilianza kinanda nikiwa na miaka 25. Nilikuwa karani, narudi nyumbani Changamwe, hapa Mombasa, saa moja usiku nimechoka, nawasha kibodi na kuparamia wimbo mzima, mikono miwili kwa pamoja, kwa kasi ile ile niliyoisikia redioni. Nikikosea naanza tena toka mwanzo. Miezi minane ilikwenda hivyo. Mkono haujui kwamba umekosea. Unachourudishia ndicho unachoshika, na mimi niliurudishia makosa usiku baada ya usiku. Kuyang'oa kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza. Ndiyo maana somo hili nalielekeza kwa kijana mwenye kazi na muda mchache: piga kidogo, piga polepole, piga bila kosa.

Chombo. Piano kamili ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kwa kuanzia kibodi ya vibonye 61 inatosha kabisa. Ila hakikisha vibonye ni vya ukubwa wa kawaida na vinatofautisha mguso: ukigusa taratibu sauti iwe ndogo, ukikaza iwe kubwa. Zile za watoto, ambazo kila kibonye hulia sawa, zitakufundisha mkono mgumu. Ukinunua iliyotumika, usitoe pesa kabla hujaiwasha ukabonyeza kibonye kimoja kimoja kutoka kushoto mpaka kulia. Mimi sikufanya hivyo. Nilifika nyumbani nikakuta vitatu ni bubu, na aliyeniuzia hakushika simu tena. Hapa kwetu unyevu wa bahari na vumbi huingia chini ya vibonye, kwa hiyo ukimaliza ifunike leso. Piano ya nyuzi ni mzigo mwengine: chuma hushika kutu, mbao hufura, sauti hutoka mahali pake. Ukipewa ya bure, mlete fundi kwanza aikague, ndipo utafute gari la kuibeba.

Kukaa. Kiwiko kiwe usawa wa vibonye, mabega yalegee, vidole vipinde kama umeshika chungwa. Kaskazi likivuma weka kitambaa karibu, maana jasho huteleza.

Kuijua do. Tazama vyeusi: vimepangwa viwili, vitatu, viwili, vitatu. Kibonye cheupe kinachogusana na viwili kwa upande wa kushoto ni do, ndiyo C kwa herufi. Kibodi ya 61 ina do sita. Fumba macho, papasa vyeusi, uzipate zote. Fanya hivyo siku tatu kabla hujapiga chochote. Waliopitia kwaya watasema do huhama kwa kufuata wimbo, na ni kweli, lakini mwezi wa kwanza iacheni pale pale kwenye C.

Vidole na gumba. Gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. Sasa mkono wa kulia peke yake, kupanda vyeupe kuelekea kulia: do 1, re 2, mi 3, fa 1, so 2, la 3, ti 4, do 5. Hapo kwenye fa ndipo wengi tunapokwama, kwa hiyo tupatazame kwa karibu. Kidole cha 2 kikishabonyeza re, gumba lisingoje. Lianze safari chini ya kiganja, likiteleza juu ya vibonye bila kuvibonyeza, ili mi inapolia liwe limeshatua juu ya fa. Kiwiko kisipae. Ukikiona kimefunguka kama bawa la kuku, gumba lilichelewa. Kushuka ni kinyume chake: 5, 4, 3, 2, 1 mpaka fa, kisha kidole cha 3 kinavuka juu ya gumba kwenda mi.

Weka metronomu, yaani programu ya kugonga mapigo, kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika, pigo moja nota moja. Lengo ni mara tano safi mfululizo. Ukikosea ya nne, hesabu yaanza upya. Zikitimia tano, ongeza mapigo manne tu.

Mkono wa kushoto. Nota tatu zikilia pamoja wapiga kinanda huziita kodi. Za kwanza ni tatu: do-mi-so, fa-la-do na so-ti-re, na nyimbo nyingi mno za ibada na za sherehe zinabebwa na hizo. Anayeanza huruka huku na huku akizitafuta. Usiruke. Shika do-mi-so kwa vidole 5, 3, 1. Kwenda kodi ya fa, do isisogee. Mi ipande fa, so ipande la. Rudi. Kwenda kodi ya so, so ndiyo isiyosogea; do ishuke ti, mi ishuke re. Mkono unabaki palepale, vidole viwili tu ndivyo vinavyotembea kila mara.

Unganisha mikono siku ambayo wa kushoto unaweza kubadilisha kodi huku unajibu salamu ya jirani. Kabla ya hapo ni mapema. Na dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Mimi zangu ni za alfajiri, kabla ya kupanda matatu.

Maswali ya wanachama

*Niko Mtwapa, chumba cha kupanga, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga. Nifanyeje?*

Hedifoni, ndugu yangu, na iwe ya waya. Ya bluetooth huchelewesha sauti kidogo baada ya kidole kugusa, na mkono unachanganyikiwa. Tundu la kibodi nyingi ni la milimita 6.3, waya wa simu ni 3.5, kwa hiyo ulizia adapta.

*Kaka, mimi ni fundi wa magari, miaka 28. Vidole vimekakamaa. Nimechelewa?*

Hujachelewa. Kinanda hakitaki vidole laini, kinataka vilivyolegea. Acha mkono udondoke kwenye kibonye kwa uzito wake, kisha legeza papo hapo sauti ikitoka. Ukisikia maumivu kwenye kifundo cha mkono, simama siku hiyo hiyo, usijikaze.

*Mimi wa Mji wa Kale, nataka taarabu. Nikifuata kwa sikio kuna nota sizipati popote.*

Sikio lako liko sawa, dada. Taarabu imebeba maqam, yaani mipangilio ya nota ya Kiarabu, na katika ile iitwayo rast, kwa mfano, mi na ti hukaa chini kidogo ya vibonye vyetu, kati ya cheupe na cheusi. Udi na fidla hazina vizuizi kwenye shingo, vidole huzifikia. Piano haina kibonye hicho. Baadhi ya kibodi zina mpangilio wa kushusha nota kwa robo ya toni, mpaka hapo katikati. Kabla ya kununua uliza ya namna hiyo. Wakati huo anza na maqam ya hijazi, ambayo vibonye vya kawaida vinaikaribia: re, kile cheusi kilicho kushoto kwa mi, kile cheusi kilicho kulia kwa fa, so, la. Panda na kushuka polepole, utaitambua mara moja.

*Nisome nota au nifuate sikio?*

Vyote, ila usiandike majina ya nota juu ya vibonye kwa kalamu. Macho yataganda hapo.

*Nakaa Likoni, kibodi nitapata mwisho wa mwezi ujao. Kuna la kufanya sasa?*

Lipo. Chora vibonye kwenye karatasi kwa ukubwa wa kweli: vyeupe saba, do mpaka ti, kwa pamoja vina upana wa kama sentimita 16.5, kisha do moja zaidi. Fanyia hapo safari ya gumba kila jioni, huku unaimba nota kwa mdomo. Na kwenye feri, mkono pajani, gonga taratibu: 1, 2, 3, 1, 2, 3, 4, 5.