Jinsi ya kuongea na mwanao kuhusu kubalehe (usisubiri hedhi)

Wazazi wenzangu wa Moshi, wengi tunasubiri binti avunje ungo ndo tunamwita chumbani, tunampa pedi na onyo la "sasa ukicheza na wavulana shauri yako", basi imeisha. Hapo umechelewa kama miaka miwili. Daktari Mwingereza James Tanner na mwenzake Marshall walifuatilia watoto wa kituo kimoja cha kulelea watoto pale Harpenden, Uingereza, wakaandika mwaka 1969 na 1970 kwamba kubalehe kuna hatua zake, wasichana wengi wanaanza kuota maziwa na hedhi inafuata baadaye sana, wavulana korodani ndo zinatangulia kukua, kurefuka na sauti nzito vinakuja nyuma.

Kwa hiyo anza akiwa na miaka 7 au 8, tena usiitishe kikao, mkiwa mnamenya ndizi za mtori inatosha kabisa. Mwambie kifua kitauma kidogo na upande mmoja unaweza kutangulia mwingine. Hiyo ya upande mmoja usiiruke jamani, mtoto akishika kale kagumu chini ya chuchu anadhani ana uvimbe na ananyamaza nalo miezi. Mvulana naye aambiwe ndoto nyevu ni nini kabla hajaamka na shuka limelowa akalificha chini ya godoro.

Viungo vitaje kwa majina yake, uume, uke, korodani, ili siku mtu akimshika vibaya aweze kusema kashikwa wapi.

Na usimtishe. Madaktari wenyewe walipita huko, Tissot wa Uswisi mwaka 1760 alitoa kitabu kinasema kujichua kunamaliza macho na akili, wenzake wakaamini zaidi ya miaka mia, watoto wakaadhibiwa bure kabisa, inauma. Leo ripoti ya 2018 ya UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, inasema elimu ya ujinsia haimfanyi mtoto aanze ngono mapema.

Wazee wa Kichagga walikuwa na mregho, fimbo yenye alama za kuchonga ya kufundishia vijana, na mwalimu wake alijulikana. Siku hizi shangazi yuko Dar na simu iko mkononi, so kazi ni yako, baba pia.

Binti akianza dalili kabla ya miaka 8 au mvulana kabla ya 9, au binti amefika 13 na mvulana 14 hakuna kitu, mpeleke kwa daktari wa watoto.