Koa wa bahari kuu kwa kavera na chumvi: mwongozo kwa walimu wa baiolojia

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa Mbarara alinipigia simu usiku. Koa wake wa kuigiza, aliyemtengeneza kwa kavera (mfuko wa plastiki), alikuwa anaelea juu ya beseni kama kizibo, na asubuhi ana kipindi. Tatizo hilohilo lilinila jioni mbili nzima, kwa hiyo naliandika hapa.

Sisi Uganda hatuna bahari. Ukiwachorea wanafunzi Phylliroe bucephala ubaoni, watakuambia ni samaki. Siwalaumu, maana ana mwili bapa wenye umbo la samaki na huogelea kwa kujipinda kushoto na kulia katika bahari zenye joto, mbali na pwani. Lakini ni koa, jamaa ya konokono. Gamba hana, na mguu umesinyaa ukabaki kitu kidogo tu chini ya kifua.

Hatua ya 1: Mwili. Kata kavera safi isiyo na rangi, vipande viwili vya umbo la samaki, urefu wa kiganja. Mnyama halisi ni wa sentimita chache tu. Funga kingo kwa rula na mshumaa kama wauza karanga wafanyavyo, ukiacha tundu mkiani. Usitumie gundi, inaachia ndani ya maji.

Hatua ya 2: Chora. Kwa kalamu isiyofutika, chora tumbo na mifereji yake inayokwenda mbele na nyuma. Koa huyu anapenyeza mwanga, viungo vyake vinaonekana kutoka nje. Kichwani weka pembe mbili ndefu za kunusia. Jina bucephala linatokana na Kigiriki, maana yake kichwa cha ng'ombe, na mwanafunzi aliyekulia kati ya ng'ombe wa Ankole halisahau tena.

Hatua ya 3: Maji. Hapa ndipo watu wanapokwama. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, kisha koroga gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yaani vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa. Chumvi ya mawe ya Katwe, ziwa letu la chumvi, naipenda kwa chakula, ila hapa inatia maji ukungu; tumia ya dukani.

Sasa sikiliza: maji ya ndani ya koa na ya beseni yatoke kwenye sufuria moja. Mimi nilimjaza maji ya bomba nikamtia kwenye maji ya chumvi, akapanda juu. Nikaongeza misumari ya kumtia uzito, akazama. Nikapunguza, akapanda. Kosa halikuwa misumari. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, ya maji yasiyo na chumvi kilo 1, na koa wa mililita 20 anasukumwa juu kwa nusu gramu nzima. Mwili wa koa halisi ni maji kwa sehemu kubwa, ndiyo maana anaweza kuishi katikati ya bahari bila gamba la kumvuta chini.

Hata hapo, angalia mambo mawili. Maji yasiyochemshwa huacha vipovu kwenye plastiki, na kipovu kimoja kinatosha kumpandisha. Na kama maji ya ndani yana joto kuliko ya nje, atapanda pia. Mwache robo saa kabla ya kumhukumu. Mfunge mkia akiwa chini ya maji, hewa isiingie.

Hatua ya 4: Yavuyavu. Kavera yenyewe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo bado atapanda polepole. Chukua sentimita 5 za waya mwembamba wa shaba, ukunje mviringo, umfunge chini ya kifua, mahali pa mguu. Punguza milimita mbilimbili hadi asizame wala asielee.

Mviringo huo unawakilisha yavuyavu (mnyama laini wa baharini kama kengele ya utelezi) mdogo aitwaye Zanclea. Zamani wataalamu waliwakuta pamoja wakadhani yavuyavu ndiye kupe anayemnyonya koa. Mwaka 1963 watafiti Martin na Brinckmann walionyesha kinyume chake: koa mchanga ndiye anayejishikiza kwa yavuyavu, anamla kidogokidogo huku akikua, hadi anamzidi ukubwa. Waulize wanafunzi nani anamla nani kabla ya kuwaambia.

Hatua ya 5: Ogelesha. Funga uzi mkiani, uupeleke kushoto na kulia taratibu. Ukiweza, zima taa umulike kwa tochi kutoka pembeni. Koa huyu hutoa mwanga wake mwenyewe gizani.

Ukimaliza, maji usimwage bustanini. Chumvi itaua mboga.