Kununua Duka Linaloendelea Dar es Salaam: Anza kwa Mwenye Fremu

Anayetaka kuingia katika biashara kwa kununua duka ambalo tayari lina wateja ajue kwamba hapa Dar es Salaam anachokilipia zaidi mara nyingi si bidhaa zilizo kwenye rafu, bali ni mahali duka lilipo, na mahali hapo si pa muuzaji. Kabla ya kutaja bei, nendeni pamoja kwa mwenye fremu, yaani mwenye chumba cha duka. Inaumiza kuona mtu ametoa akiba yake yote kama kilemba, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, kwa mpangaji anayeondoka, kisha mkataba ukaisha baada ya miezi 2 na mwenye nyumba akasema hamtambui. Dai mkataba mpya wa pango kwa jina lako, wenye muda unaotosha kurudisha fedha zako.

Baada ya hapo omba kukaa dukani mchana kutwa, siku kadhaa za mwisho wa mwezi na kadhaa za katikati, ukihesabu wanaoingia na wanaonunua. Tuseme ni duka la vifaa vya ujenzi kule Mbagala: pitisha kidole juu ya makopo ya rangi, kwa maana vumbi zito huonyesha mali isiyotoka, na inua mfuko wa saruji wa chini kabisa uone kama umeganda. Mali ya namna hiyo usiihesabu katika bei. Kwa mashine ya kusaga au karakana ya kuchomelea, kumbukumbu za manunuzi ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zitakueleza kazi iliyofanyika vizuri kuliko maneno ya mwenyewe.

Linganisha daftari la mauzo na ripoti za Z, yaani majumuisho ya mauzo ya kila siku, za mashine ya EFD inayotoa risiti za kodi. Muuzaji akidai kwamba mauzo halisi ni mara mbili ya yaliyo kwenye mashine, basi amemdanganya TRA au anakudanganya wewe. Panga bei kwa kilichothibitishwa tu.

Ulizia pia mali kauli, yaani bidhaa za mkopo wa kuaminiana, aliyochukua kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, na ukutane nao mwenyewe. Ukinunua hisa za kampuni, madeni yake ya kodi na michango ya NSSF ya wafanyakazi hubaki ndani ya kampuni hiyo, hivyo kwa duka dogo naona ni salama zaidi kununua mali peke yake, kisha kushughulikia TIN, jina la biashara kwa wasajili wa biashara, BRELA, na leseni ya manispaa kwa jina lako.

Mkataba wa mauzo uandikwe na wakili, umzuie muuzaji kufungua duka la aina hiyo mtaa huohuo, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka makabidhiano yakamilike. Siku ya makabidhiano, bandua kwanza lipa namba yake pale kaunta na ubandike yako, kwa sababu mteja atakayeifuata ile ya zamani atakuwa anamlipa aliyekwisha kuondoka.