SOMO: Namna ya kuipima draiva mpya ya diski gofu kabla hujaisifia wala kuiponda

Habari za jioni wadau wa diski gofu, mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kikapuni. Kila msimu ukianza ni yaleyale, kampuni inatoa draiva mpya, yani diski ya kurusha mbali, watu wanagombania, na jioni ya siku ileile mtu keshairusha mara tano anatangaza kwamba hii ni moto, toeni zingine zote mkobani, na mwingine naye kairusha mara tano anasema takataka. Wote wawili wanasema kweli walichokiona, ila walichokiona mara nyingi ni upepo wa siku ile na mikono yao, diski yenyewe bado hawajaonana nayo.

Naliandika hili kwa sababu mwaka juzi nilimwambia dada mmoja wa kundi letu hapa Minnesota achukue draiva fulani ya spidi 13 iliyokuwa ndo imetoka, mimi nilikuwa nimeirusha jioni moja tu na upepo ulikuwa unasukuma toka nyuma. Akanunua, dola ishirini na kitu, na yeye alikuwa na miezi miwili tu kwenye mchezo. Kila akirusha inaenda mita arobaini inakata kushoto inajikita chini, akaanza kuamini mkono wake ndo mbovu, akaacha kuja wiki kama tatu hivi. Mkono wake haukuwa na shida yoyote. Tangu siku hiyo sisemi neno juu ya draiva mpya mpaka niwe nimepita hatua hizi.

Kwanza zile namba nne zinazoandikwa kwenye diski kueleza inavyoruka, kwa wageni. Ya kwanza spidi, inaendana na upana wa rimu, yani ukingo mnene wa diski, na mwendo ambao diski inautaka ili iruke ilivyokusudiwa. Ya pili kuelea, yani inavyokaa hewani. Ya tatu kupinda, ikiwa hasi maana yake diski ikiwa bado ina mwendo mkali itaelekea kulia, kwa anayerusha bekihendi, yani mkono ukianzia upande wa pili wa mwili, kwa mkono wa kulia. Ya nne kukata, yani inavyorudi kushoto mwendo ukiisha. Mfano Destroyer ya kampuni ya Innova ni 12/5/-1/3, Roadrunner yao ni 9/5/-4/1, ukizirusha hizo mbili kwa nguvu sawa moja itarudi kushoto kwa nguvu na nyingine itahama kulia kabisa. Sasa jueni kwamba PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, hawapimi namba hizi. Wao wanapima vipimo vya umbo, kipenyo kisipungue sentimita 21, rimu isizidi sentimita 2.6, uzito usizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na mengine ya aina hiyo. Namba za mruko anaziandika mwenye kampuni, na kila kampuni ina macho yake, kwa hiyo spidi 11 ya huku sio lazima iwe ndugu na spidi 11 ya kule.

HATUA YA 1: Tafuta shahidi

Shahidi ni diski yako ya zamani unayoijua kama jina lako, yenye spidi ileile au inayokaribia, uzito usiopishana zaidi ya gramu mbili, na kama inawezekana plastiki ya daraja moja. Bila shahidi huna kipimo, una hisia tu. Na isiwe imechakaa sana, sababu diski iliyogonga miti miaka mitatu inapinda kirahisi kuliko ilivyozaliwa, ukiilinganisha na mpya utasema mpya ni ngumu kumbe ya zamani ndo imelegea.

HATUA YA 2: Mezani kwanza

Hapa wengi wanaruka na hapa ndo penye utamu. Osha diski kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, diski nyingi mpya zinakuja na utelezi fulani juu yake, ukirusha bila kuosha inachomoka mkononi mapema halafu unailaumu rimu. Kausha, weka kwenye mizani ya jikoni. Uzito ulioandikwa nyuma sio msahafu, mimi niliwahi kununua moja imeandikwa 175 mizani ikasema 172, na gramu tatu kwenye upepo sio kitu kidogo.

Alafu ilaze kwenye meza ya kioo au kaunta iliyonyooka, pembeni yake mlaze shahidi. Inama mpaka macho yawe sawa na meza. Utaona kwenye ukingo wa rimu kuna mstari mwembamba, pale ndipo sehemu ya juu na ya chini ya umbo zinapokutana. Chukua kadi ya benki uisimamishe, weka alama ya kalamu pale mstari unapofika kwa shahidi, sogeza kadi kwa mpya. Mstari ukiwa juu zaidi kwa kawaida diski itakuwa ngumu kupinda na itakata zaidi, ukiwa chini itapinda kirahisi. Tofauti ya nusu milimita unaiona uwanjani kabisa. Angalia na mgongo pia, wenye kuba mara nyingi unaelea zaidi, ulio bapa unawahi kushuka. Ukifanya hivi kwa diski mbili za jina moja zilizotoka kiwandani nyakati tofauti utashangaa, zinaweza zisifanane kabisa, ndo maana mtu akisema "hii draiva iko hivi" mimi namuuliza, ipi hiyo, yako au yangu?

HATUA YA 3: Mkononi

Shika kwa nguvu ya kurushia, kaa nayo dakika kadhaa hata ukiwa unaangalia TV. Rimu ya Destroyer ni sentimita 2.2, za spidi 13 na 14 zinapanda juu ya hapo, na mwenye vidole vifupi atazisikia zinamkataa. Vidole visipofika ndani vizuri diski inatoka ikiyumba, na diski inayoyumba inakula mwendo wake yenyewe. Kama mkono haukubali ishia hapa, hakuna aibu.

HATUA YA 4: Uwanjani, sio kozini

Usiipime kwenye raundi. Kozini, penye vikapu vya mchezo, una miti, una alama za kuandika, una marafiki wanakusubiri, utarusha kila diski mara moja moja kwa namna tofauti. Nenda uwanja wa wazi. Mimi natumia uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa shule ya jirani wanafunzi wakishaondoka, toka mstari wa goli mmoja mpaka mwingine ni mita 91 na mistari imeshachorwa, huna haja ya kupima.

Rusha kwa kubadilishana, shahidi, mpya, shahidi, mpya. Usirushe kumi za shahidi alafu kumi za mpya, sababu mwili unapasha moto na upepo unageuka, mwishoni hujui kilichobadilika ni nini. Anza na nguvu ya asilimia sitini hivi, diski ikiwa bapa kabisa inapotoka mkononi. Baada ya hapo haiza, yani ukingo wa nje umeinama chini, uone inanyooka au inabaki imeinama. Kisha anhaiza, ukingo wa nje juu, uone inarudi au inaendelea kulia mpaka chini. Hii ya mwisho ndo inayosema ukweli kuliko zote, draiva ngumu inapambana inarudi, laini inakubali tu. Fohendi, yani kurusha toka upande wa mkono wenyewe, iwe mwisho. Jumla iwe kama mitupo thelathini kwa kila diski, na uipime jioni mbili tofauti.

HATUA YA 5: Upepo

Sisi watu wa Tanga tulikua tukisikia manahodha wakizungumza pepo za omo, upepo unaokuja usoni kwa chombo. Kwenye diski upepo wa omo unaongeza mwendo wa hewa juu ya rimu, kwa hiyo diski inajiona kama imerushwa kwa nguvu zaidi, inapinda kulia kuliko kawaida. Upepo wa nyuma kinyume chake, diski inakuwa ngumu, inawahi kukata, japo unaweza kukupa umbali ukirusha juu. Rekodi ya dunia ya umbali ya David Wiggins Jr., mita 338 mwaka 2016, ilirushwa jangwani Nevada kwenye upepo mkali uliotafutwa kwa makusudi. Kwa hiyo geuka, rusha seti moja kwenda na seti moja kurudi, sio unaokota unarudi palepale. Draiva ambayo umeiona kwa upepo wa upande mmoja hujaiona.

HATUA YA 6: Andika kabla hujapost

Uzito wa mizani, plastiki, jotoridi, upepo, na umbali wako wa kawaida. Hicho cha mwisho ndo watu wanaficha na ndo cha muhimu kuliko vyote. Mimi bekihendi yangu ya kawaida ni mita 95, siku nzuri 100. Anayerusha mita 65 akisoma nilichoandika ajue tunaongelea diski mbili tofauti hata kama jina ni moja.

Mfano halisi. Mchezaji maarufu Simon Lizotte alipohamia kampuni ya MVP mwaka 2023 wakamtolea Time-Lapse, nayo imeandikwa 12/5/-1/3, namba zilezile za Destroyer nne kwa nne. Watu wakasema basi ni kitu kilekile. Nikaweka mbili mezani, zote gramu 173. Time-Lapse imetengenezwa kwa plastiki mbili, ya katikati na nyingine inayozunguka rimu kwa nje, ndo mtindo wa MVP, uzito mwingi unasogea pembeni. Jioni ya kwanza nikaona yangu inanyooka muda mrefu kuliko Destroyer yangu kabla ya kukata, jioni ya pili upepo ukiwa usoni Destroyer ndo ikatulia zaidi. Hiyo ni nakala yangu na mkono wangu. Ningepost jioni ya kwanza ningesema nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Brooklyn Park: Kaka shukrani kwa somo. Mimi narusha mita 55 mpaka 60, nimeona mabingwa wanatumia hizo spidi 12, je nikifanya mazoezi na yenyewe si ndo nitaizoea?

Jibu: Dada yangu hapana, utazoea kuilazimisha. Draiva ya spidi 12 inataka mkono unaokaribia mita 100, chini ya hapo haifikii mwendo wake, haipindi, inaelea kidogo tu inakata. Chukua Leopard, 6/5/-2/1, au Diamond ya Latitude 64, 8/6/-3/1, uzito wa gramu 150 na kitu. Ukikuta Leopard inaenda mbali sawa na draiva ya mwenzio usishangae, ndo inavyokuwa kwa mikono mingi. Ukifika mita 80 bila kuforce tutaongea tena.

Mdau wa Tampere: Mkuu huku Finland tunacheza mpaka theluji, hizi hatua si zinabadilika?

Jibu: Zinabadilika ndio, na huku Minnesota tuko boti moja. Baridi inakaza plastiki, inateleza, na hewa nayo inakuwa nzito, umbali unapungua. Draiva iliyotoka Januari nasubiri Aprili ndo niiseme. Kama huwezi kusubiri basi shahidi naye alale nje kwenye gari usiku uleule, zote ziwe na ubaridi mmoja. Na bandika utepe mrefu wa rangi chini ya diski kwa gundi ya karatasi, ukiingia kwenye theluji laini utepe unabaki juu, bila hivyo utachimba mpaka giza. Hiyo ya utepe ni ya kutafutia tu, usiipimie.

Msomaji wa Dallas: Mi natumia mkono wa kushoto, nigeuze zote?

Jibu: Geuza kulia na kushoto tu ndugu yangu, kila kitu kingine kinabaki vilevile. Yako inapinda kushoto na inakata kulia.

Mzee wa Kikapu: Mimi diski yangu mpya ina kijino cha plastiki kwenye ukingo kinanikwaruza kidole, nikikisugua kwa msasa si itakataliwa kwenye mashindano?

Jibu: Shikamoo mzee. Kulainisha kasoro ndogo za kiwandani au mikwaruzo kwa msasa kunaruhusiwa na PDGA. Kisichoruhusiwa ni kubadilisha umbo ili iruke tofauti. Tumia msasa laini, pitisha taratibu, ukisikia kidole kimeridhika acha. Na kama unaingia mashindano hakikisha kwanza jina la diski limo kwenye orodha yao ya zilizoidhinishwa, nyingine zinauzwa kabla hazijaingia.

Kijana wa Morogoro: Bro mi niko bongo, nimeuona huu mchezo YouTube, binamu yangu anakuja Desemba toka Marekani, nimwambie aniletee draiva ipi mpya?

Jibu: Mwambie asilete draiva. Alete midi moja, diski ya umbali wa kati, na puta moja, ya kumalizia kikapuni, basi. Kikapu sio lazima, chagua mnazi au nguzo, ukigonga ndo umeingiza. Na uwe na uwanja ambao ng'ombe wameshaondoka. Midi itakuonyesha kila kosa la mkono wako, draiva inayaficha.

Dada wa Brooklyn Park: Na yule dada wa mwanzo wa spidi 13 ilikuwaje, alirudi?

Jibu: Alirudi, nilimpelekea Leopard yangu ya gramu 151 ya njano. Jumamosi iliyopita pale kozi ya Kaposia kaivusha mita 74, tumehesabu hatua wote wawili. Ile spidi 13 bado iko kwenye buti la gari yake, nimeomba aniuzie amekataa, anasema anaitunza.