Kumwandika baba askari na siri ya mtoto: anza na kalenda

Ninaandika michezo ya redio hapa Mwanza, na nimekulia kota za jeshi, binti wa sajini. Kwa hiyo vijana wanaojifunza kuandika, wakishakuwa na mhusika mwanajeshi, wananiletea mimi. Wengi huja na kisa kinachofanana: mzee alipigana vita, amefariki, na siku ya arobaini anatokea mtu mzima asiyejulikana na yeyote, sura ya marehemu mtupu. Hapo ndipo wanapokwama, maana hawajui mtu huyo alizaliwa lini wala nani alimficha miaka yote hiyo. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kalenda ya vita kwanza, jina baadaye

Askari hajipangii safari, anapangiwa. Akipenda, akizaa, akidanganya, yote hayo yanapita katikati ya amri na tarehe za wakubwa wake. Chukua daftari uchore mistari miwili, mmoja chini ya mwingine. Wa juu ni wa vita, wa chini ni wa mimba. Usiandike sentensi hata moja ya hadithi mpaka mistari hiyo ikubaliane.

Mimi hufundishia vita vya Kagera, kwa kuwa wazee waliovipigana bado tunao na tarehe zake zinajulikana. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978 yakashika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba. Askari wetu na mgambo wakajazana upande wa Kyaka, ambako daraja lilikuwa limelipuliwa. Januari 1979 Mutukula ikachukuliwa, Februari Masaka na Mbarara, Machi yakawa mapigano ya Lukaya, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni vita vikaisha. Ila si wote waliorudi Juni hiyo. Wako waliobaki Uganda hadi 1981, na waandishi wengi hawalijui hilo, ilhali hapo ndipo penye utajiri.

Sasa tia mtu ndani. Wangu wa kubuni ni Koplo Komba, mtu wa Songea, mwenye mke nyumbani. Anafika Kyaka Novemba 1978. Katikati ya Desemba anafahamiana na Koku, msichana aliyekimbia na wazazi wake kutoka ng'ambo ya mto. Mwezi unaofuata Komba anavuka mpaka. Asimwe anazaliwa Septemba 1979, baba yake yuko Uganda na hana habari. Komba anarudi nchini Juni 1981, mtoto ana mwaka mmoja na miezi tisa.

Kwa nini nakazania umri huo? Kwa sababu ya Tangazo la Serikali Na. 279 la 1963, lililoziweka kwenye maandishi sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mwanaume aliyezaa na mwanamke asiyemwoa aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa mwanamke Sh 100, mradi mtoto awe hajaacha kunyonya. Shilingi mia na ziwa la mama! Komba akiteremka Bukoba Juni 1981, je, Asimwe bado ananyonya? Mama yake Koku anasema ameshaacha, Koku anasema bado, na babu ndiye anayepaswa kuamua kama atapokea ile noti au hatapokea. Huhitaji bunduki tena kwenye sura hiyo. Mpe babu nafasi, mwache azungumze mpaka amalize.

Kama unaandika Kagera, ijue pia mila ya zamani ya Wahaya iliyoitwa bisisi. Mwanaume aliyetangulia kulala na mwanamke baada ya uzazi wake uliopita aliweza kumdai mtoto anayefuata, hata kama mbegu ilikuwa ya mwingine. Ukimfanya Koku awe mke wa mtu badala ya msichana, na mumewe naye yuko mgambo, mila hiyo peke yake itakupa riwaya nzima. Lakini iandike kwa heshima. Ilikuwa njia ya watu kuhakikisha mtoto hakosi ukoo, na ukiigeuza kichekesho umewatukana wenyewe nyumbani kwao.

Siri mbili ndani ya nyumba moja

Hapa ndipo penye moyo wangu. Karibu kila rasimu ninayoletewa, mwenye siri ni baba peke yake, na mama ni mtu wa kulia tu. Rudi kwenye ile kalenda. Komba aliondoka Songea Novemba 1978. Mkewe alibaki na kota, na majirani, na ukimya wa serikali. Miezi inapita bila barua. Akirudi 1981 anakuta mtoto wa kiume anayetembea, aliyezaliwa Machi 1980.

Komba anajua kuhesabu. Anamwangalia mkewe, mkewe anamwangalia. Halafu anamnyanyua mtoto, anampa jina la marehemu baba yake, na tangu siku hiyo hakuna neno. Msomaji ataona huyu ni mtakatifu. Sura ya pili ndiyo itakayomwambia kwamba kule Bukoba yuko Asimwe. Kila mmoja ameshika siri, na kila mmoja anahisi mwenzake anajua. Ndoa yao inasimama miaka thelathini juu ya hilo, na inaweza kuwa ndoa nzuri kabisa, yenye kicheko na watoto waliosomeshwa. Hadithi ya namna hiyo ina uzito kuliko ya mhuni aliyetelekeza.

Upande wa Koku nao usiuache mtupu. Mtoto lazima aambiwe kitu. Wilayani Muleba, pale Kaboya, ndiko waliko mashujaa wengi wa vita vile, wamezikwa mbali na kwao, watu wa kila mkoa. Koku anaweza kumwambia binti yake, "Baba yako yuko Kaboya." Asimwe anakua akijua ana baba shujaa, kila Siku ya Mashujaa moyo wake unakwenda kule, na wakati huohuo baba yake anamwagilia mboga Songea. Koku hakusema uongo huo kwa ubaya. Yatima wa vita hana aibu mbele za watu. Mtoto asiye na baba hupewa majina.

Mwili wa askari na sanduku lake

Wasiokulia kambini humwandika mwanajeshi kwa ukali: anafoka, anachapa, anakunywa. Wako wa hivyo. Lakini askari unamjua zaidi kwa vitu vidogo. Anaamka kabla ya jogoo hata akiwa mstaafu. Shuka anaikunja pembe mpaka ikalala kama karatasi. Hakai na mgongo kuelekea mlangoni. Akila, anamaliza kwanza ndipo azungumze.

Na ana sanduku. La bati, limepakwa rangi ya kijani, juu yake namba yake ya jeshi inayoanzia na MT imechorwa kwa rangi nyeupe na mkono uliotulia. Kufuli ni dogo, na ufunguo anao mama. Ukilifungua, inatangulia harufu ya vidonge vyeupe vya kufukuzia mende. Kisha sare ya mwisho aliyovaa, imekunjwa, vifungo vimesuguliwa. Chini yake bahasha ya kaki yenye karatasi za kustaafu. Chini kabisa, ndani ya kitabu cha sala au msahafu, picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe yenye mhuri wa studio nyuma. Usiweke barua ndefu inayoeleza kila kitu, nakuomba. Watu wenye siri hawaziandiki. Picha yenye mhuri wa studio ya Bukoba kwenye sanduku la mtu wa Songea inatosha, hasa msomaji akikumbuka kwamba ufunguo ulikuwa kwa mama muda wote.

Kuhusu vita vyenyewe, mzee hatazungumza unavyotaka. Wengi niliowasikia husimulia mvua, matope, njaa, na mwenzao mmoja aliyekuwa akiwachekesha. Mpe baba yako kisa kimoja anachokirudia kila sikukuu, na ndani yake weka mahali anapokatisha. Komba husimulia safari mpaka Kyaka, husimulia mahandaki kujaa maji, husimulia wenyeji waliowaletea ndizi, halafu anaruka moja kwa moja mpaka Mutukula. Watoto wanakijua kisa hicho kwa moyo na hawajawahi kuuliza Desemba ilikwenda wapi.

Walinzi wa siri

Siri ya miaka thelathini hailindwi na mtu mmoja. Orodhesha wanaojua, na mbele ya kila jina andika sababu njema ya kunyamaza. Rafiki aliyekuwa naye handakini ananyamaza kwa sababu aliapa. Mama ananyamaza kwa sababu ya mwanawe wa Machi. Shangazi, dada wa Komba, ananyamaza kwa sababu anawapenda wote wawili, na ndiye atakayesema, maana kwetu shangazi ana haki ya kusema yasiyosemeka. Nilimwandikia hivi, usiku wa matanga, jikoni:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hujalala?"

"Shangazi, yule dada aliyekuja na basi la jioni ni nani?"

"Umemkaribisha chakula?"

"Nimemkaribisha. Amesema ameshiba."

"Rudi ukamkaribishe tena. Mtu haji msiba wa baba yake akalala na njaa."

Basi. Hakuna "ninayo siri nzito ya kukuambia". Mtu mzima huipitishia habari kwenye sahani.

Karatasi na mahakama

Hapa fanya utafiti, kwa sababu wasomaji wengi wamepitia mirathi na watakukamata. Baada ya mazishi ukoo hukaa kikao, hupendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari huandikwa na waliohudhuria husaini, kisha maombi hupelekwa, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Jina la Asimwe litakuwemo kwenye muhtasari au halitakuwemo? Nani ameshika kalamu? Hiyo ni sura nzima, na mwanao wa Machi 1980 ndiye ningempa kalamu hiyo.

Angalia mwaka wa kifo. Kama mzee wako amekufa 1994, usimpeleke mtu kupima vinasaba (DNA). Sheria ya vinasaba vya binadamu imetungwa 2009, na hata leo mtu hajiendei tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na unywele mkononi. Ombi linapitia kwa wanaotambuliwa kisheria, kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto, nayo ya 2009, inatambua njia nyingine za kuonyesha mtoto ni wa nani: jina la mzazi kwenye daftari la vizazi, au baba kumkiri hadharani. Kwa mwandishi hizo ni bora kuliko maabara. Kipimo hutoa jibu moja na hadithi ikafa. Lakini mzee aliyemshika mtu mkono mbele ya mashahidi kwenye harusi akasema "huyu ni wangu", hilo watu watabishania usiku kucha. Kama familia yako ni ya Kiislamu, muulize shehe kabla hujagawa hata kiti, maana nasaba na mirathi vina hukumu zake.

Lugha ya msimulizi

Wahusika wako wanaweza kusema "mtoto wa nje" au neno baya zaidi, kwa sababu watu husema. Wewe msimulizi usiseme. Mwite jina lake. Asimwe alikuwa hajazaliwa vita vilipoanza, na hakuna alichokosa.

Namba ya jeshi ibuni, usinakili ya mtu wa kweli, na usitumie kisa cha jirani yako hata ukibadilisha mkoa. Kambi ni ndogo na watu wanatambuana. Ukimaliza rasimu, mtafute mzee mmoja aliyekuwa Kagera na mjane mmoja aliyebaki kota mwaka ule, uwasomee kwa sauti, kila mmoja kwa siku yake. Mzee atakusahihisha vyeo na njia. Mjane atakuambia barua zilichukua muda gani, nani aliyekuwa akileta habari za waliokufa, na wanawake walifanya nini jioni habari hizo zilipofika. Yake yaandike yote, kisha urudi kwenye sura ya mama uiandike upya.