Unafundisha Kiingereza watoto wa Kirusi? Jihadhari na chaguo la tatu

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeko Urusi kimasomo, iwe Voronezh, Kazan, Rostov au Moscow, na mzazi wa Kirusi amekuomba umfundishe mwanawe Kiingereza. Ni wa shangazi na baba wadogo pia, wanaotutumia ujumbe wa sauti kila mwezi: "Kiingereza si unakijua, kaa na mtoto muongee tu, upate hela ya chakula." Shangazi, kwa heshima zote, kuongea tu hakulipwi huku. Mzazi wa Kirusi halipii maongezi. Analipia alama za mtihani, na mtihani wenyewe una mtego ambao Kiingereza chako, hata kiwe kizuri namna gani, hakikutoshi kuuvuka.

Nianze na mtihani. Mtoto wa Kirusi huanza lugha ya kigeni darasa la pili. Darasa la tisa anakutana na OGE, mtihani wa taifa wa kumaliza darasa hilo, darasa la kumi na moja anakutana na EGE, mtihani wa taifa unaotumika nchi nzima tangu 2009 kumaliza shule na kuingilia chuo. Kiingereza kwenye EGE si lazima, anakichagua anayekihitaji kwa kozi yake, kwa hiyo ukiletewa mtoto wa EGE ujue chuo kinategemea somo hilo. Usajili wa mtihani unafungwa Februari mosi. Mtihani wenyewe hufanyika kati ya mwishoni mwa Mei na Juni, sehemu ya kuandika siku moja na ya kuzungumza siku nyingine.

Sisi tuliotoka kwenye mitihani ya NECTA ya Tanzania au KCSE ya Kenya tunadhani tunajua ufahamu ni nini: kifungu, maswali, muhtasari, basi. Sehemu ya kusikiliza rekodi hatukuwahi kuifanya. Hata Kenya, ile sehemu inayoitwa stadi za kuzungumza katika karatasi ya kwanza unaijibu kwa kalamu. Huku rekodi inapigwa kwa spika mbele ya chumba kizima, mara mbili, hakuna ya tatu, na mtoto anajaza majibu wakati inaendelea.

Sasa mtego. Zoezi la pili la kusikiliza kwenye EGE lina mazungumzo ya watu wawili na kauli saba. Kila kauli mtoto anaiandikia namba: 1 kama ni kweli, 2 kama si kweli, 3 kama haikusemwa. Wenyewe hiyo ya tatu wanaiita "ne skazano". Kwenye OGE mtego uleule umehamishiwa kwenye kusoma, yaani kifungu kirefu na kauli saba zenye machaguo hayohayo matatu. Hapo ndipo alama zinapokwenda, nami hapo ndipo nilipoumizwa.

Kituo kimoja cha lugha kilinipa binti wa darasa la kumi na moja. Anaongea Kiingereza kwa kujiamini na kusoma anasoma. Kumbe kituo kilikuwa kimemwandikia mama yake, kwenye mkataba ambao mimi sikuonyeshwa, kwamba binti atapata alama themanini. Mtihani wa majaribio wa shule ulipotoka, mama alikuja na karatasi na kuilaza mezani. Kwenye zoezi la pili kulikuwa na safu ya namba 2 zilizozungushiwa wino mwekundu, karibu zote mahali palipotakiwa 3. Kituo kikanizuilia malipo ya mwezi ule, kikisema dhamana ya alama ni ya mwalimu. Hela ile haikurudi. Kwa hiyo nitalisema tena na tena: kabla hujafundisha chochote, fundisha chaguo la tatu.

Kwa nini mtoto hodari anaanguka hapo? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya mtoto mwenye haraka: hakusikia jambo limetajwa, akaamua si kweli, akaandika 2. Ya pili ni ya mtoto mwenye akili sana: anaunganisha vipande na kujijazia mwenyewe. Chukua mfano. Kwenye mazungumzo, Kate anasema Jumamosi anapanda treni kwenda kwa shangazi yake, na kwamba safari ndefu zinamchosha. Kauli ya kwanza: Kate anapenda safari ndefu. Hiyo ni 2, maana amesema kinyume. Kauli ya pili: Kate humtembelea shangazi yake kila kiangazi. Hapo mtoto mwenye akili anasema, kama anakwenda Jumamosi hii basi huwa anakwenda, anaandika 1. Mwenye haraka anasema hajaitaja kila kiangazi, anaandika 2. Jibu ni 3, na wote wawili wameikosa.

Nasi walimu kutoka kwetu tunalizidisha tatizo. Tumelelewa kumsifu mwanafunzi anayesoma kati ya mistari na kueleza mwandishi alikusudia nini. Ni malezi mazuri kwa fasihi. Kwenye zoezi hili ni hasara. Mfundishe mtoto kuijibu rekodi peke yake, si dunia anayoijua.

Njia iliyonifaa ni hii. Mtoto aigeuze kila kauli kuwa swali: je, Kate humtembelea shangazi yake kila kiangazi? Rekodi ikijibu ndiyo, ni 1. Rekodi ikijibu hapana, ni 2. Rekodi ikinyamaza, ni 3. Baada ya kusikiliza mara mbili, mpe maandishi ya rekodi na umwambie aweke kidole juu ya sentensi inayothibitisha jibu lake. Aliyeandika 2 lazima kidole kitue juu ya maneno yanayoipinga kauli. Kidole kikitangatanga ukurasa mzima bila pa kutua, jibu lilikuwa 3. Usimwambie jibu. Acha kidole kitafute mpaka mwenyewe aseme. Fanya hivyo kila kipindi, kila wiki, hata akikuambia ameelewa. Hasa akikuambia ameelewa.

Jambo la pili la kushika sana: usimsomee mtoto maandishi ya rekodi kwa sauti yako. Najua inavutia, unaokoa muda na mtoto anaelewa kila neno. Anaelewa kwa sababu sisi Waswahili tunazitamka irabu zote kikamilifu na kila silabi tunaipa haki yake. Rekodi ya mtihani haina huruma hiyo. Maneno yanamezwa na kuungana, na tofauti ya "can" na "can't" inapita kama upepo. Mtoto aliyezoea sauti yako atafurahi miezi yote, kisha siku ya mtihani atababaika. Mkumbushe kwamba hata Kirusi chake kinameza irabu: neno la maziwa wanaliandika moloko, wanalitamka malako. Akishaona kwamba Kiingereza nacho kina tabia hiyo, hofu inapungua. Halafu weka spika mbali kidogo, upande wa pili wa chumba, usimpe visikilizi, na usiruhusu kusimamisha rekodi katikati. Nyumbani watoto wanasikiliza kwa simu, wanarudisha nyuma kila sekunde chache, kisha mzazi anajiuliza kwa nini shuleni matokeo ni tofauti.

Mazoezi yaliyobaki ni ya kawaida. Zoezi la kwanza la kusikiliza ni wasemaji sita na kauli saba, moja ya ziada: mwambie mtoto aliogope neno linalofanana kabisa na la kwenye kauli, mara nyingi limewekwa kinywani mwa msemaji asiye sahihi. Kusoma kuna vichwa vya habari vya kulinganisha na vifungu, kisha kifungu chenye mapengo, kisha kifungu kirefu chenye maswali ya kuchagua. Kwenye mapengo sarufi inasaidia kuliko maana, na hapo watoto hawa wako vizuri kuliko sisi. Kwenye maneno angalia yanayofanana na ya kwao: akiona "magazine" atafikiri duka, kwa sababu magazin kwao ni duka. Majibu yanahamishiwa kwenye fomu ya majibu namba moja kwa kalamu nyeusi ya jeli, tarakimu zikifuatana bila nafasi wala koma. Mfanyishe hilo angalau kila mwezi.

Wapi pa kupata mazoezi? Taasisi ya serikali inayotunga mtihani, FIPI, inaweka bure kwenye tovuti yake sampuli ya mtihani ya kila mwaka na benki ya maswali. Anza hapo kabla ya kununua kitabu chochote. Maumbo ya mazoezi hubadilika, kwa hiyo angalia mwaka ulioandikwa juu ya sampuli. Kituo kile kilikuwa kinatumia nakala za zamani zilizopigwa chapa upya, na wazazi wanalipia karatasi ambazo toleo lake jipya liko bure mtandaoni. Hilo liliniudhi na bado linaniudhi.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, ila ulitilie maanani. Tangu Agosti 2020 mwanafunzi wa kigeni anayesoma masomo ya kutwa kwenye programu yenye ithibati ya serikali anaruhusiwa kuajiriwa bila kibali cha kazi, kwa mkataba, na mwajiri anatakiwa kuitaarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku tatu za kazi. Kituo cha watoto kitakudai pia cheti cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Ule mpango wa kujiajiri wanaouita samozanyaty, ambao Mrusi anausajili kwa simu, uliwekwa kwa raia wao na wa nchi za Umoja wa Uchumi wa Eurasia kama Belarus na Kazakhstan. Sisi hatumo. Anayekuambia "sajili tu, hakuna anayeangalia" hatakuwepo siku ya kufukuzwa nchini. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla hujapokea rubli ya kwanza. Na ninyi wazazi kule nyumbani, wakala akiwaambia kijana aje kwa viza ya masomo, ada atailipa kwa kufundisha Kiingereza, mwondoeni sebuleni kwenu. Hela hii ni ya nyongeza. Ada hailipi.

Niseme kidogo kuhusu hawa watu, maana utaingia majumbani mwao. Utavua viatu mlangoni na kupewa ndala za ndani, utapewa chai, na bibi atakaa jikoni mlango wazi akisikiliza kila unachosema. Usichukie, ndivyo anavyolinda mjukuu. Elimu wanaiheshimu kwa dhati. Septemba mosi utaona mitaa imejaa watoto wenye maua ya kuwapelekea walimu, na mwalimu anaitwa kwa jina lake na la baba yake. Lakini heshima hiyo imeambatana na hofu ya alama. Mtoto anajua tano ni ushindi na mbili ni aibu ya familia, na kwa sababu hiyo hathubutu kubahatisha kwa sauti. Anangoja awe na uhakika. Kwa maoni yangu hicho ndicho kinachowamaliza kwenye kusikiliza: neno moja likimpita anasimama kulifikiria, na rekodi haimngoji. Mtoto wetu wa Kariakoo angebahatisha na kuendelea. Mpe mtoto wa Kirusi ruhusa ya kukosea mbele yako na msikilizaji mwingine atazaliwa.

Kuna wazazi watakaokutazama mlangoni na kusema walitaka mzawa wa lugha, wakimaanisha mzungu. Inauma. Tangu 2022, wakati IELTS na TOEFL, ile mitihani ya kimataifa ya Kiingereza, iliposimamishwa hapa, walimu kutoka Uingereza na Marekani wamekuwa wachache, na baadhi ya milango imefunguka kwetu kwa sababu hiyo. Usiombe radhi kwa rangi yako wala usijifanye Mmarekani. Eleza unatoka wapi, kisha toa sampuli ya FIPI mezani na umwonyeshe mama zoezi la pili linavyomnasa mwanawe. Wengi wao wanabadilika palepale, kwa sababu Mrusi, nimpe haki yake, ni mtu wa kusema wazi: akiridhika atakuambia na asiporidhika atakuambia.

Mwisho, mkataba. Ukifanya kazi chini ya kituo, omba usome mkataba wa kituo na mzazi, si wako tu. Wakikataa, ondoka. Usikubali malipo yanayofungwa na alama, hata kwa maneno. Andika kwamba unalipwa kwa kipindi kilichofundishwa, na upokee kila wiki, sio mwisho wa mwezi. Mweleze mzazi mapema, akiwepo mtoto, kwamba rufaa baada ya EGE inawasilishwa ndani ya siku mbili za kazi tangu matokeo yatangazwe rasmi, na kwamba rasimu, yaani karatasi za kujaribia majibu, haziangaliwi. Mtoto aliyeandika 3 kwenye rasimu na 2 kwenye fomu amehesabiwa kukosa kauli hiyo, na hakuna tume itakayomsikiliza. Afadhali mama alijue hilo Oktoba kutoka kwako kuliko Juni kutoka kwa tume.