Kulenga shabaha iliyo juu mlimani

Mwindaji wa kondoo-mwitu katika Milima ya Rocky, Marekani, akilenga juu kama alivyozoea kwenye tambarare, risasi hupita juu ya mnyama, kwa kuwa mvutano wa dunia huishusha kulingana na umbali wa mlalo, si ule wa mshazari anaoupima kwa macho au kwa kifaa. Zidisha basi umbali uliopimwa kwa kosaini ya pembe ya mwinuko (uwiano wa umbali wa mlalo kwa ule wa mshazari): mita 400 kwa nyuzi 30 huwa takriban 346, na darubini ya bunduki irekebishwe kwa hiyo 346. Upepo, hata hivyo, ukadiriwe kwa mita 400 kamili, maana risasi huzipita zote. Egemeza bunduki kwenye begi, si juu ya mwamba mtupu, na usifyatue kamwe mnyama akiwa ukingoni mwa kilele, kwani nyuma yake hakuna udongo wa kuizuia risasi.